Guglielmo Marconi na Swala la Nguvu: Wasifu Mfupi

Utangulizi

Msafiri anayesubiri feri katika ufuo wa Luanda Kotieno, huko Uyoma, ili avuke hadi Mbita, haoni ajabu yoyote mvuvi anapotoa simu mfukoni na kuulizia bei ya mbuta ng'ambo ya pili. Wasilolijua wengi ni kwamba, katika mazungumzo hayo mafupi, simu ile huweza kubadilisha nguvu yake ya kurushia mawimbi mara kadhaa. Huipandisha mashua inapoenda mbali na mnara na kuishusha inaporejea ufuoni. Mvuvi hana habari, kwani mnara ndio unaotoa amri na simu hutii. Nyuma ya utii huo kuna historia ndefu ya binadamu kulitafutia jibu swali moja: je, ili ujumbe ufike mbali, ni lazima utumwe kwa nguvu nyingi?

Makala haya yanasimulia maisha ya mtu aliyelijibu swali hilo vibaya kwa muda mrefu kabla ya kulijibu vizuri. Mtu huyo ni Guglielmo Marconi, Mwitaliano ambaye wengi humwita baba wa redio. Sifa hiyo ina utata wake, maana mchango wa wataalamu kama vile James Clerk Maxwell, Heinrich Hertz, Oliver Lodge, Jagadish Chandra Bose, Aleksandr Popov na Nikola Tesla haupaswi kusahauliwa. Hata hivyo, hakuna miongoni mwao ambaye maisha yake yanaonyesha wazi kama ya Marconi ule mvutano uliopo baina ya nguvu na kiasi.

Kuzaliwa na Malezi

Marconi alizaliwa mjini Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa mwenye mashamba. Mama yake, Annie Jameson, alitoka Ireland katika ukoo uliotajirika kwa kutengeneza wiski. Kutokana na mama huyo, kijana alikua akizimudu lugha mbili, Kiitaliano na Kiingereza, jambo lililomfaa sana baadaye. Hakuwahi kujiunga na chuo kikuu kama mwanafunzi wa kawaida. Elimu yake ya fizikia ilitegemea walimu wa nyumbani, vitabu, pamoja na hisani ya jirani yao, Profesa Augusto Righi wa Chuo Kikuu cha Bologna.

Mwaka 1894 Hertz alifariki angali kijana wa miaka 36. Hertz ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumakuumeme aliyoyatabiri Maxwell yapo kweli. Habari za majaribio hayo zilimfikia Marconi akiwa na umri wa miaka 20, naye akaanza kuyarudia katika chumba cha darini nyumbani kwao, Villa Griffone, kijijini Pontecchio. Nia yake haikuwa kuthibitisha nadharia. Alitaka mawimbi yabebe ujumbe.

Mwanzoni mawimbi yake yalivuka chumba tu, kisha yakavuka bustani. Mwaka 1895 aligundua kwamba akiinua waya mmoja juu hewani na kuufukia mwingine ardhini, umbali uliongezeka sana. Hatimaye mawimbi yalivuka kilima, takriban kilomita 2, na ndugu yake Alfonso, aliyekuwa upande wa pili na kipokezi, akafyatua bunduki kuashiria kuwa ujumbe umefika. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Ushindi huo wa kwanza haukuletwa na kuongeza nguvu za umeme, bali ulitokana na kuupanga upya waya wa kurushia mawimbi. Laiti Marconi angaliendelea kuuzingatia ukweli huo, huenda historia ya redio ingalichukua njia fupi zaidi.

Safari ya Uingereza

Mwaka 1896 Marconi alifika London akiwa na mama yake. Mwezi Juni mwaka huo aliomba hataza ya uvumbuzi wake, ambayo ilisajiliwa kwa nambari 12039. Alipata mfadhili mwenye ushawishi, William Preece, mhandisi mkuu wa Posta ya Uingereza. Mwezi Mei 1897 ujumbe wake ulivuka maji ya Mlangobahari wa Bristol, na Julai mwaka uo huo kampuni yake ikaundwa. Mwezi Machi 1899 ujumbe mwingine ulitoka Ufaransa hadi Uingereza pasipo waya.

Kadiri mitambo ilivyoongezeka ndivyo tatizo jipya lilivyojitokeza. Mitambo ya wakati huo ilitumia cheche za umeme, na mawimbi yake yalitapakaa katika masafa mengi kwa pamoja. Wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, wa tatu hasikii lolote ila vurugu. Mwaka 1900 Marconi alisajili hataza nambari 7777, iliyohusu namna ya kuoanisha mtambo wa kurusha na wa kunasa ili viwe katika wimbi moja. Hiyo ilikuwa hatua ya kwanza ya kuwatenganisha wasemaji angani. Hatua ya pili, yaani kumfanya kila msemaji atumie nguvu inayomtosha tu, ilikuwa bado mbali.

Miaka ya Nguvu Nyingi

Marconi alikuwa na ndoto ya kuvuka Bahari ya Atlantiki. Huko Poldhu, kusini-magharibi mwa Uingereza, alijenga kituo kilichoendeshwa kwa jenereta ya kilowati 25, na John Ambrose Fleming ndiye aliyesanifu mtambo wa umeme. Mwezi Septemba 1901 dhoruba iliziangusha nguzo zake, na muda mfupi baadaye kituo mwenzi cha Cape Cod, Marekani, kikapatwa na balaa kama hiyo. Marconi hakukata tamaa. Aliabiri hadi Newfoundland, akarusha tiara iliyobeba waya katika upepo mkali, na tarehe 12 Desemba 1901 akatangaza kuwa amesikia herufi S kutoka Poldhu, umbali wa takriban kilomita 3,500. Wapo wataalamu walioitilia shaka habari hiyo wakati ule, na wapo wanaoitilia shaka hadi leo.

Miezi miwili baadaye alisafiri kwa meli ya Philadelphia akiwa na kipokezi chake. Alibaini kwamba usiku ujumbe ulimfikia kutoka mbali sana, ilhali mchana umbali huo ulipungua mno. Hakujua sababu. Leo inaeleweka kuwa juu angani kuna tabaka linaloyarudisha mawimbi duniani, na kwamba jua hubadilisha tabia ya tabaka hilo. Marconi alihitimisha kwamba dawa ni mawimbi marefu zaidi na nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo vituo vyake vikazidi kuwa vikubwa. Kule Clifden, Ireland, ambako huduma ya biashara kuvuka Atlantiki ilianza Oktoba 1907, mboji iliyokaushwa kutoka kwenye kinamasi ilichomwa ili kuendesha mitambo ya umeme. Dunia nzima ikamfuata. Mwaka 1909 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya fizikia pamoja na Karl Ferdinand Braun wa Ujerumani.

Usiku wa Titanic

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 ulionyesha manufaa ya kazi ya Marconi pamoja na kasoro yake. Meli ya Titanic ilikuwa na mtambo wa kilowati 5, ulioendeshwa na waajiriwa wa kampuni yake, Jack Phillips na Harold Bride. Phillips alikuwa akizungumza na kituo cha mbali cha Cape Race, ambacho mawimbi yake yalikuwa hafifu. Ghafla meli ya Californian, iliyokuwa karibu, ikaingilia kati kutoa habari za barafu. Kwa sababu ya ukaribu huo, mawimbi yake yaliingia kwa kishindo na kuyafunika yale ya mbali. Phillips alimtaka mwenzake anyamaze. Baada ya muda mwendeshaji wa Californian alizima mtambo wake, akalala. Titanic ilipogonga siwa barafu na kuomba msaada, meli hiyo ya jirani haikusikia. Iliyosikia ni Carpathia, iliyokuwa mbali zaidi, nayo ikawaokoa watu zaidi ya 700. Takriban watu 1,500 waliangamia, Phillips akiwa miongoni mwao.

Walimwengu walimsifu Marconi kwa maisha yaliyookolewa, na sifa hiyo ilikuwa haki yake. Lakini ndani ya mkasa huo mlikuwa na somo ambalo wahandisi wa simu walilitilia maanani miongo mingi baadaye: aliye karibu akipaza sauti, humfunika aliye mbali. Wakati huo hapakuwa na utaratibu wowote wa kumwamuru jirani apunguze nguvu ili wa mbali asikike. Njia pekee ilikuwa kumnyamazisha, na kumnyamazisha kukawa na gharama yake.

Mwezi Septemba mwaka huo huo Marconi alipata ajali ya gari nchini Italia, akapoteza jicho lake la kulia.

Afrika Mashariki katika Mpango wa Kampuni

Mwaka 1913 serikali ya Uingereza iliipa kampuni ya Marconi kandarasi ya kujenga mnyororo wa vituo vikubwa vya kuiunganisha himaya yake. Nairobi ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoteuliwa, pamoja na Misri, Afrika Kusini, India na Singapore, huku kituo cha kwanza kikiwa Uingereza kwenyewe. Kandarasi hiyo ilitanguliwa na kashfa, kwani baadhi ya mawaziri walikuwa wamenunua hisa za kampuni dada ya Marekani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, mpango huo ulikwama.

Vita hivyo vilifika hata ziwani. Wajerumani walikuwa na kituo cha simu ya upepo huko Bukoba, nao mnara wake ulikuwa jicho na sikio lao upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Mwezi Juni 1915 kikosi cha Waingereza kilipanda meli Kisumu, kikatoka katika Ghuba ya Winam kupitia mlango wa maji ulio mbele ya Luanda Kotieno, kikaenda kuishambulia Bukoba na kuuangusha mnara huo. Hivyo basi, wakazi wa Uyoma walipitiwa na vita vya mawimbi kabla ya wengi wao kuiona redio. Kituo kikubwa chenye mnara mrefu kilikuwa na nguvu, lakini nguvu hiyo hiyo ilikifanya kionekane na kila adui.

Kugeuka

Marconi mwenyewe alikuwa akitumikia majeshi ya Italia wakati huo. Mwaka 1916, akisaidiwa na mhandisi Charles Samuel Franklin, alianza kuyachunguza upya mawimbi mafupi, ambayo alikuwa ameyaacha tangu siku za Villa Griffone. Haja ya jeshi ilikuwa mawasiliano yasiyonaswa na adui, yaani mawimbi yanayoelekezwa upande mmoja badala ya kumwagwa kila upande. Kwa kuyakusanya kwa viakisi, mfano wa kioo kinavyokusanya mwanga wa taa, umeme kidogo uliweza kufanya kazi ya umeme mwingi.

Mwaka 1919 alinunua meli aliyoipa jina la Elettra, akaifanya nyumba na maabara. Huku hayo yakiendelea, wapenzi wa redio wa kawaida, waliokuwa wameachiwa mawimbi mafupi kwa kudhaniwa hayana thamani, walifaulu mwezi Desemba 1921 kuvusha ujumbe Atlantiki kwa mitambo midogo. Mwaka 1923 Marconi aliabiri kwa Elettra hadi visiwa vya Cape Verde akinasa wimbi la mita 97 kutoka Poldhu. Nguvu ya kituo ikashushwa hatua kwa hatua hadi kilowati 1, na bado ujumbe ulimfikia kwa uwazi kuliko ule wa vituo vikubwa vya mawimbi marefu. Jibu alilolikosa mwaka 1902 likawa mbele yake.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwaka 1924 serikali ya Uingereza iliachana na wazo la kutumia vituo vya nguvu kubwa pekee, ikatia sahihi mkataba wa mawimbi mafupi yaliyoelekezwa. Huduma ya Kanada ilifunguliwa Oktoba 1926, na mwaka 1927 zikafuata Australia, Afrika Kusini na India. Marconi alikiri hadharani kwamba yeye ndiye aliyeipotosha dunia, na kwamba wengi walimfuata katika kujenga vituo vyenye nguvu iliyozidi mahitaji. Si kila mtu mwenye Tuzo ya Nobeli ambaye angekuwa na ujasiri wa kuikana kazi yake ya miaka 20.

Nguvu za Aina Nyingine

Mtu huyo aliyejifunza kupunguza nguvu za umeme hakujifunza kujitenga na nguvu za dola. Aliteuliwa seneta mwaka 1914, akajiunga na chama cha Mafashisti mwaka 1923, na mwaka 1930 Mussolini akamfanya rais wa Akademia ya Italia. Italia ilipoivamia Uhabeshi mwezi Oktoba 1935, vita ambavyo majeshi yake yalitumia hata gesi ya sumu, Marconi aliutetea uvamizi huo mbele ya mataifa. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo hili haliwezi kupitwa kimyakimya. Methali isemayo mwenye nguvu mpishe huelezea hali ya dunia ilivyo. Haisemi kwamba mwenye nguvu ana haki.

Katika maisha ya nyumbani, Marconi alimwoa Beatrice O'Brien mwaka 1905, wakaachana mwaka 1924. Mwaka 1927 alimwoa Maria Cristina Bezzi-Scali, ambaye walijaliwa binti waliyempa jina la Elettra, kama meli.

Miaka yake ya mwisho kikazi ilikuwa ya mawimbi mafupi zaidi. Mwaka 1932 alifanya majaribio kwa wimbi la sentimita 57, na mwaka 1933 akaunganisha Vatikani na Castel Gandolfo kwa simu ya mawimbi ya jinsi hiyo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Roma tarehe 20 Julai 1937. Vituo vya redio katika nchi nyingi vilizima mitambo kwa dakika mbili kumwomboleza.

Urithi katika Simu ya Mkononi

Mawimbi ya simu za mkononi zilizoenea Kenya tangu mwaka 2000, yale ya masafa ya megahezi 900, yana urefu wa takriban sentimita 33. Hayako mbali na yale aliyokuwa akiyashughulikia Marconi uzeeni. Simu ya aina hiyo huruhusiwa kurusha nguvu isiyozidi wati 2. Hata hivyo, haitumii wati hizo mbili daima. Mnara hupima jinsi unavyoisikia, kisha takriban mara mbili kwa sekunde huituma amri ya kupanda, kushuka au kubaki ilipo. Iwapo simu iko karibu na mnara, inaweza kushuka hadi miliwati 3 hivi. Katika mitandao ya kizazi cha tatu, ambamo wasemaji wengi hutumia masafa yale yale kwa wakati mmoja, amri hizo hutolewa mara 1,500 kwa sekunde, kwa kuwa simu moja ya karibu ikipaza sauti ingewafunika wote walio mbali, kama Californian ilivyoifunika Cape Race.

Faida zake ni mbili. Ya kwanza ni ya mwenye simu: betri hudumu. Mvuvi wa omena anayekesha ziwani hufahamu kwamba chaji huisha upesi awapo mbali na mnara, kwa sababu simu yake hulazimika kutumia nguvu nyingi kila inapowasiliana nao. Faida ya pili ni ya jamii: kila anayeshusha nguvu huwaachia wengine nafasi. Tena kuna mpaka ambao nguvu haiwezi kuuvuka. Mnara wa kawaida wa mfumo huo wa kizazi cha pili haumhudumii mtu aliye zaidi ya kilomita 35, kwani mawimbi yake huchelewa kufika katika zamu yake. Hata simu ingeongezewa wati kumi, zamu imekwisha kupita.

Hitimisho

Maisha ya Marconi yana mafunzo mawili kwa wanafunzi wa Kiswahili. La kwanza ni la istilahi. Lugha yetu imekwisha kutenga kani na nishati katika fizikia, lakini neno nguvu bado linabebeshwa maana nyingi, kuanzia umeme wa simu hadi ubabe wa dola. Kazi ya kuzipambanua maana hizo kwa mwanafunzi wa sayansi anayesoma kwa Kiswahili ni kazi ya wanaisimu, wala haipaswi kuachiwa wahandisi pekee.

Funzo la pili ni la maadili. Marconi alifika mbali zaidi alipokubali kutumia nguvu kidogo, na akaanguka pale alipoitetea nguvu iliyopita mipaka. Katika mawimbi alisahihisha kosa lake akiwa hai, na mamilioni ya watu wananufaika na masahihisho hayo kila wanaposhika simu. Kuhusu Uhabeshi hakusahihisha. Mwandishi wa wasifu wake ana wajibu wa kuyaandika yote mawili, bila ya moja kulifunika lingine.